Cheti cha Ukimya wa Lukuba

Kabla ya yote naomba ifahamike kwamba mimi sina kosa. Nilikuwa kazini kila siku kuanzia saa moja na nusu asubuhi, na ile siku moja niliyochelewa kwa sababu ya mvua niliijazia fomu. Naandika haya kwa kuwa Tume imetuagiza watumishi wote wa Taasisi tujieleze kwa maandishi. Wenzangu wameandika nusu ukurasa. Mimi nimeona nieleze kwa urefu, nisije nikaonekana nina la kuficha.

Nchi yetu, kwa wale wajumbe wa Tume waliotoka nje, inaitwa Maelewano. Kiongozi wetu ni Msikivu Mkuu. Picha yake imetundikwa katika kila ofisi, na kila baada ya uchaguzi Wizara humwagiza mchoraji ayaongeze masikio kidogo. Huwasikiliza wananchi wote. Ukimwona mtu analalamika kwamba hajasikilizwa, ujue zamu yake haijafika.

Miaka kumi na sita iliyopita Msikivu Mkuu alizuru milima ya Dundiri. Wadundiri wana desturi yao: mgeni akifika humgeuzia mgongo mpaka aketi, maana kwao ni utovu wa adabu kumkodolea macho mtu anayetafuta pa kukaa. Basi Msikivu Mkuu akashuka garini, akakuta migongo elfu nne. Kiti hakikuwapo, kwa kuwa ratiba ilisema hotuba ingetolewa kwa kusimama. Mabomu ya machozi yalipigwa, risasi zikafuata, watu wakazikwa. Moshi ulipotulia serikali ilikiri kwa uungwana kabisa kwamba palikuwa na hitilafu ya mawasiliano. Ndipo ikaundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Mawasiliano baina ya Mtu na Mtu na baina ya Utamaduni na Utamaduni. Kibao chake kimeshikiliwa na nguzo tano.

Mimi, Sefu Matimbwa, ni Mwandishi wa Vikao, daraja la tatu. Pia natunza muhuri. Muhuri hukaa kwenye droo ya kulia ya meza yangu pamoja na kidau cha wino. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wengine watalitaja, na wao wanaweza kulikuza.

Kwa miaka yote hiyo tulichapisha juzuu mia moja na kumi na mbili. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja kutuuliza kitu. Tulichukulia kwamba wote wameelewa.

*

Bi Sikudhani alikuja siku ya Jumanne. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kanga mbili zilizopauka, kandambili zake zimeshonwa kwa waya. Alipoingia, Profesa Kandanda, Mkurugenzi wetu, alikuwa amesimama karibu na meza yangu. Yule mama alimwona, akageuka, akampa mgongo.

Profesa Kandanda ndiye mtaalamu mkubwa kuliko wote wa desturi za Wadundiri. Juzuu la tisa, lenye kurasa mia sita, ameliandika yeye, nalo lahusu mgongo tu. Alimtazama yule mama kwa huruma.

“Mama, choo kiko nje,” akasema. “Zunguka kulia.”

“Namngoja baba aketi,” akajibu yule mama huku akitazama ukuta.

Profesa aliketi. Bi Sikudhani akageuka, akaamkia, akafungua pindo la kanga na kutoa barua ya Hakimu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu yake, Lukuba, mchimba visima, alishtakiwa kwamba amechoma ghala la fomu la Wilaya. Ziliungua fomu elfu arobaini, zote hazijajazwa. Katika sheria zetu kuchoma fomu iliyojazwa ni kosa, lakini kuchoma isiyojazwa ni uhaini, kwa sababu hakuna ajuaye ingekuja kuandikwa nini. Adhabu yake ni kunyongwa. Mahakamani Lukuba aliulizwa kama alichoma au hakuchoma. Akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Dada yake akasimama kutoka benchi la wasikilizaji akasema, “Hakuchoma. Siku hiyo tangu asubuhi alikuwa ndani ya kisima changu, chini kabisa, kina cha watu saba, na kamba nilikuwa nimeishika mimi.” Askari wakamtoa nje kwa kuingilia mazungumzo yasiyomhusu.

“Kwetu mtu akishtakiwa hajijibii,” alituambia Bi Sikudhani. “Husemewa na nduguye wa tumbo moja, au wa kuitana. Mwenye kosa ndiye huwahi kujisemea. Sasa wao wanasema kanyamaza, amekiri.”

Hakimu, mtu wa haki, alikubali kwamba huenda kuna desturi ya namna hiyo. Alitoa siku ishirini na moja. Ukiletwa uthibitisho wa Taasisi kwamba desturi ipo, dada atasikilizwa. Usipoletwa, kifungu cha nane kitafuata mkondo wake: anyamazaye amekiri. Kesi ilikuwa imehamishiwa mjini kwetu pamoja na mshtakiwa na Hakimu wake, na kwa dada safari ya kushuka kutoka Dundiri ilikuwa imekula siku tano. Zilibaki kumi na sita.

“Nimeambiwa ni muhuri tu, mdogo wangu,” akaniambia, akaiweka barua mezani pangu, juu kidogo ya droo ya kulia. “Mkinipa leo, kesho nampelekea Hakimu.”

Nilitabasamu. Watu wa vijijini wana imani kubwa sana na serikali.

Profesa alikuwa ameinuka. “Swali!” akasema. “Matimbwa, tumeletewa swali!” Akaagiza soda kwa idara zote.

*

Tume itauliza kwa nini jibu halikutafutwa kwenye juzuu zilizopo. Lilitafutwa. Nililitafuta mimi mwenyewe, nikalikuta katika Juzuu la thelathini na moja, ukurasa wa kumi na mbili: “Mtuhumiwa wa Kidundiri hajitetei kwa kinywa chake.” Mwandishi: Profesa Kandanda. Nilimpelekea nikiwa na furaha kama mtoto.

Profesa alilifunga lile juzuu taratibu. “Matimbwa, hili nimeliandika mimi. Unataka nijithibitishe mwenyewe? Maadili ya taaluma hayaruhusu mtu kujisemea. Lazima athibitishe mwingine.”

“Hata sisi, baba, ndivyo tulivyo,” akasema Bi Sikudhani aliyekuwa amekaa mlangoni.

“Andika hiyo, Matimbwa,” akasema Profesa. “Inavutia.”

Nikaandika.

Basi ukaanza utafiti mpya. Kwanza ilibidi Kamati ya Maadili ikutane, maana hatuwezi kumtafiti binadamu bila ridhaa yake. Kamati ina wajumbe tisa, na wanne walikuwa kwenye semina ya namna ya kuendesha vikao kwa wakati. Ilikaa Jumatatu iliyofuata, zikiwa zimebaki siku kumi. Ikaamua kwamba ridhaa itolewe na mtafitiwa mwenyewe, kwa sauti yake, mbele ya mashahidi.

Kesho yake tukaenda Gereza Kuu. Lukuba aliletwa kwenye nondo. Nilitarajia jitu, nikaona mtu mwembamba mwenye viganja vipana, udongo mwekundu bado umo kwenye kucha. Mwenyekiti wa Kamati alimsomea fomu yote, kurasa nne, kisha akamuuliza, “Je, unaridhia kutafitiwa kuhusu sababu za kutojibu kwako?”

Lukuba akamtazama dada yake.

“Anaridhia,” akasema Bi Sikudhani.

“Hujaulizwa wewe.”

“Ndiyo, mzee, lakini huyu yuko kwenye mashtaka. Mpaka yaishe hajisemei kitu. Mimi ndiye mdomo wake.”

“Una cheti kinachothibitisha hivyo?”

“Ndicho nilichokifuata kwenu.”

Mwenyekiti aliandika kwamba mtafitiwa hakutoa ridhaa. Tulipokuwa tukitoka, Bi Sikudhani alibaki nyuma amezishika nondo kwa mikono yote miwili, na Lukuba ameweka viganja vyake juu ya vidole vya dada yake. Nilipima kwa mazoea tu: dakika moja na sekunde ishirini. Siku zilizobaki zilikuwa tisa.

*

Sisemi kwamba hakuna aliyejali. Sote tulijali. Profesa hakulala siku mbili akitafuta njia, na Ijumaa akaja na mpango: kwa kuwa Lukuba hawezi kutafitiwa, atatafitiwa dada yake. Ni Mdundiri vilevile. Bi Sikudhani alitia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa kabla Profesa hajamaliza kuisoma. Angetia dole hata kwenye ukuta.

Siku hizo zote alilala kwenye veranda ya Taasisi, kwa ruhusa ya Koplo Ngwale, mlinzi wetu. Asubuhi alifagia ua bila kuombwa. Kila nilipopita aliniuliza, “Mdogo wangu, bado?” nami nikamjibu, “Kesho, dada.” Mwanzoni nilisema kesho kwa sababu ndivyo tunavyosema. Baadaye nilisema kwa sababu nilishindwa kumtazama usoni nikiwa na neno jingine.

Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tatu, nilikula naye mchana. Alikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye karatasi, akanikatia kipande kikubwa.

“Lukuba ananifuata mimi,” akaniambia. “Nilipokuwa na miaka kumi nilisingiziwa kuvunja chungu cha shangazi. Chungu cha pombe ya harusi, fikiria. Watu wamejaa uani. Nikanyamaza. Yeye alikuwa hajafika hata kiunoni kwangu. Akapita katikati ya watu wazima akasema, ‘Dada hajavunja, ni mbuzi, na mimi nilimwona mbuzi.’ Wakacheka, lakini yakaisha. Toka siku ile sijawahi kuogopa kushtakiwa.”

“Na asingekuwapo?”

“Angekuwapo mwingine. Kwetu hakuna asiye na ndugu. Anayekula nawe ni ndugu, anayekuita dada ni ndugu.” Akafuta mikono kwenye kanga. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. “Mdogo wangu, muhuri huo uko mbali? Uko ng’ambo? Niambie ukweli, kama ni wa kufuatwa nitaufuata kwa miguu.”

Kutoka pale tulipokaa mpaka kwenye droo palikuwa na hatua kumi na moja.

“Unaandaliwa, dada,” nikasema.

Naomba Tume izingatie kwamba muhuri bila utafiti ni wino tu. Hayo nimefundishwa tangu siku ya kwanza kazini. Nina watoto watatu, na nimebakiza miaka minne nistaafu. Usiku ule sikula.

*

Jaribio lilifanyika Jumanne saa tatu asubuhi, katika Chumba namba Nne. Profesa alikuwa ameeleza wazo lake kwenye kikao, na kila mtu alilipigia makofi: ukitaka kujua Mdundiri hujibuje mashtaka, mshtaki. Sharti lilikuwa moja, kwamba mtafitiwa asijue. Koplo Ngwale naye hakuambiwa, kwa sababu kumwambia mlinzi kungehitaji fomu yake peke yake na fomu hizo ziliungua kwenye ghala.

Bi Sikudhani aliketi. Mimi nilikuwa pembeni na daftari, na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Koplo alisimama mlangoni. Profesa akainuka, akakunja uso, akamnyooshea kidole.

“Mama! Wewe umeiba saa ya ukutani ya Taasisi!”

Saa yenyewe ilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa cha Profesa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Bi Sikudhani alimtazama Profesa. Akaitazama ile saa. Akamtazama Koplo, ambaye uso wake ulikuwa umeshaanza kubadilika. Halafu akanitazama mimi.

Hakuondoa macho tena. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuomba. Alinitazama kama mtu aliyemtuma mwenzake dukani na sasa anamwona anarudi. Mle chumbani alikuwamo mtu mmoja tu aliyekuwa amekula naye na kumwita dada, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijua anangoja nini. Ilikuwa sentensi moja: “Hajaiba, saa ile pale.” Ulimi wangu ulishaigusa.

Lakini Kanuni ya ishirini na mbili inasema mwandishi haongei wakati wa jaribio. Niliinamisha kichwa nikaandika: “Mtafitiwa anamtazama mwandishi. Sababu haijulikani.”

Zikapita dakika nne na sekunde kumi na moja.

“Imethibitika!” Profesa alipiga kelele, machozi yanamtoka. “Hakujitetea! Saa anaiona kwa macho yake na hakujitetea! Matimbwa, andika, imethibitika kwa asilimia mia moja!”

“Ni kweli imethibitika,” akasema Koplo Ngwale, akatoa pingu. “Hata mimi nimeona. Kifungu cha nane. Simama, mama. Na mimi nilivyokuamini nikakupa veranda!”

Nilimtazama Profesa nikidhani atacheka na kueleza. Alinishika mkono. “Mwache,” akaninong’oneza. “Mtafiti haingilii mazingira ya asili. Hii ni ziada, hatukuipanga.”

Bi Sikudhani hakusema chochote juu ya saa. Alipofika mlangoni ndipo akageuka, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye veranda.

“Nani atamsemea Lukuba?”

Profesa alisema hiyo nayo inavutia, lakini muda wa kurekodi ulikuwa umekwisha.

*

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo wenzangu wameiruka.

Jumatano saa nane mchana Profesa alitia sahihi cheti. Nilifungua droo, nikachovya muhuri, nikapiga. Kazi yote ilichukua muda wa kupiga chafya. Cheti kilikuwa kizuri, karatasi nzito, na picha ya Msikivu Mkuu juu kushoto. Kilisema kwamba kwa Wadundiri ukimya wa mtuhumiwa si kukiri kosa. Ilibaki siku moja, nami nilikuwa nimekishika mkononi. Niliona kwamba sasa tumeokoka, na nilifurahi mpaka nikakimbia kwenye korido, jambo lililokatazwa.

Kanuni ya kumi na nne inasema cheti hukabidhiwa mwombaji mkononi, naye hutia sahihi. Mwombaji alikuwa Gereza Kuu, upande wa wanawake. Ukuta mmoja tu ulimtenga na ndugu yake. Nikaenda.

“Unamtaka nani?” akauliza askari wa getini.

Nikamtaja.

“Wewe ni nani wake?”

“Mtumishi wa Taasisi ya Taifa.”

“Sijauliza kazi. Ndugu yake?”

Nitasema ukweli, maana nimeahidi kueleza yote. Nilijua nikisema ndiyo nitaingia. Yule askari hakuwa na daftari la koo za watu. Lakini nilijiona nimesimama mbele ya kamati ya nidhamu nikiulizwa kwa nini nilitoa taarifa ya uongo kwa chombo cha dola, mimi mwenye miaka minne kabla ya kustaafu.

“Hapana,” nikasema. “Sina undugu naye.”

“Wasio ndugu ni Jumatatu.”

Mtauliza tena: kwa nini hukukipeleka mahakamani wewe mwenyewe? Swali hilo ni zuri. Mahakama iko njiani ninapokwenda nyumbani. Alhamisi asubuhi, siku yenyewe, nilifika pale. Ngazi zake ni kumi na mbili. Nilipanda sita. Pale kwenye ngazi ya sita niliwaza: mimi si mwombaji, mimi si mshtakiwa, Kanuni ya kumi na nne haikunitaja popote. Hakimu akiuliza nimekuja kama nani, nitajibu nini? Watu walinipita wakipanda, wengine wakishuka. Mwanamke mmoja aliniuliza kama naumwa. Nilisimama mpaka kengele ya kikao ikalia, ndani wakasimama, nikasikia karani akiita, “Yupo wa kumsemea Lukuba mchimba visima?” Aliita mara tatu. Hakimu huyo kweli alikuwa mtu wa haki, alingoja kidogo.

Kisha nikashuka, nikaenda kazini. Nilifika saa tatu kasoro, kwa hiyo, hiyo ndiyo siku niliyosema ilikuwa ya mvua. Mvua nayo ilikuwapo, ila ndogo.

Lukuba alinyongwa Ijumaa. Nilisikia kwamba hata pale alipoulizwa kama ana neno la mwisho alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu, halafu akanyamaza. Taarifa hiyo ilimfikia Profesa Jumatatu, akaiingiza kama tanbihi.

*

Koplo Ngwale aligundua siku hiyohiyo ya Jumatatu kwamba saa ipo. Alikuwa ameitazama ajue kama muda wa kutoka umefika. Ni mtu mwaminifu, akaandika ripoti papo hapo, na Bi Sikudhani akaachiwa kwa kukosekana kitu kilichoibwa.

Juzuu la mia moja na kumi na tatu lilizinduliwa mwezi huohuo. Msikivu Mkuu alimvisha Profesa nishani na kusema katika hotuba yake iliyochukua saa tatu nzima kwamba hakuna taifa linalouelewa ukimya wa wananchi wake kama letu. Ukumbi mzima ulinyamaza kwa heshima. Bahati mbaya wageni wawili kutoka nchi za nje waliomba waonane na familia iliyotafitiwa, wapate kuwashukuru. Ndiyo sababu leo kuna Tume.

Lakini mimi nazungumzia Jumanne, siku moja baada ya kuachiwa kwake. Nilikuwa nimesimama kwenye kabati, natafuta faili. Mlango ukafunguliwa. Bi Sikudhani aliniona nimesimama, akageuka, akanipa mgongo. Nilitazama visigino vyake vilivyopasuka na ile kanga, ambayo sasa ilikuwa na harufu ya gereza. Alingoja. Hata siku ile, hata kwangu mimi, alingoja niketi.

Niliketi. Akageuka.

“Pole sana, dada,” nikasema.

Nilitoa cheti nikampa. Alitia dole gumba kwenye daftari la kupokea, kwa wino wa kidau changu, akaniomba nimsomee. Nikasoma yote, hadi pale chini panaposema kwamba ni halali kwa siku tisini. Alikikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga kama alivyokuwa amefunga barua ya Hakimu.

Nilidhani ataondoka. Aliketi kwenye kile kiti cha wageni akanitazama, na mimi nikaanza kueleza. Nilimweleza Kanuni ya kumi na nne na ya ishirini na mbili. Nilimweleza kuhusu Kamati na semina, kuhusu watoto wangu watatu, kuhusu askari wa getini. Nilimweleza kwamba muhuri bila utafiti ni wino tu, na kwamba mvua ilinyesha. Nilipofika kwenye ngazi ya sita nilikunywa maji, nikaendelea. Hakunikatiza hata mara moja. Katika miaka yangu yote Maelewano sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote. Jua lilihama kutoka mezani likafika kwenye kabati, nami bado naeleza.

Mwishowe nikasita ili nivute pumzi. Bi Sikudhani akainama kidogo mbele. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemuuliza mgonjwa.

“Mdogo wangu, kwani wewe huna dada?”

Nilimwambia asubiri kidogo, nimalizie kueleza.